Sifa za Chakula na Fedha za Chama

(Hotuba iliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya vyama ambavyo havikupata nafasi ya kuleta wajumbe.)



Mmezoea kuniona nikisimama mbele yenu kuzungumzia vitabu vya hesabu, stakabadhi na upungufu wa magunia ghalani. Leo nimeombwa nizungumze juu ya chakula. Msishangae. Kabla sijafika mbali mtaona kwamba nimerudi palepale kwenye vitabu vya hesabu.

Katika ukaguzi wangu, mihtasari ya mikutano inaonyesha jambo jipya. Vyama vyetu, ambavyo kazi yake ni pamba, mtama, choroko na dengu, vinaletewa maombi ya kutoa fedha kwa ajili ya mbegu za mlonge, vifaranga vya kware, unga wa ubuyu, au mbegu ngeni ambazo hata Bwana Shamba hajaziona. Maombi hayo huja pamoja na vipeperushi vya rangi. Vipeperushi husema kwamba chakula hicho kinaondoa kisukari, kinashusha shinikizo la damu, kinazuia saratani na kurudisha ujana. Wengine huviita vyakula vya miujiza, wengine lishe tiba. Kisha mwishoni, kwa herufi kubwa, huandikwa kwamba soko lake lipo na halina kikomo.

Ningependa tutenganishe mambo mawili ambayo vipeperushi hivyo huyafunga katika kifurushi kimoja. Jambo la kwanza ni lishe iliyomo ndani ya chakula. Jambo la pili ni bei ambayo mkulima atalipwa. Kila moja lina ushahidi wake, na ushahidi wa moja hautoshi kuthibitisha la pili.

JINA LILIKOTOKA

Kwanza tulitazame jina lenyewe. Waingereza wanalo neno lenye maana ya chakula kilicho juu ya vyakula vyote. Neno hilo lilianza kutumika mwanzoni mwa karne ya 20, na miongoni mwa walionufaika nalo mapema ni wafanyabiashara wa ndizi. Kampuni ya United Fruit ya Marekani ilikuwa na meli na mashamba makubwa Amerika ya Kati, nayo ilitaka kila nyumba ya Marekani ile ndizi kila siku. Ndizi ilikuwa chakula chema, na ni chakula chema hadi leo. Lakini jina lile kubwa lilienezwa na matangazo ya biashara. Halikuwa kipimo cha wataalamu wa lishe.

Hata sasa neno hilo halina kipimo. Hakuna kiasi cha vitamini ambacho chakula kikikifikia kinapewa cheo hicho. Kwa sababu hiyo, tangu Julai 2007 sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu neno hilo kutumika kuuzia chakula, isipokuwa liambatane na maelezo mahususi ya faida ya kiafya yaliyokwisha kuidhinishwa. Basi, mtu akija chamani kwenu akisema kwamba Ulaya wanataka vyakula hivi kwa sababu ya jina lake, mwambieni kwamba Ulaya penyewe jina hilo limewekewa mipaka.

HESABU YA KIJIKO

Sasa tuje kwenye mlonge, mti tunaoujua sote. Majani yake ni mboga nzuri. Yana protini, chuma, kalsiamu, na ile asili ya vitamini A inayopatikana katika mboga za kijani. Mwenye mlonge uani ana hazina, wala mimi sisemi akaukate.

Lakini sikilizeni hesabu ya kipeperushi. Husema kwamba mlonge una kalsiamu mara 17 ya maziwa. Hesabu hiyo imepatikanaje? Wamechukua gramu 100 za unga wa majani makavu, zenye kalsiamu kiasi cha miligramu 2,000, wakazilinganisha na gramu 100 za maziwa, zenye miligramu 120 hivi. Maziwa karibu yote ni maji, na unga ule umekwisha kukaushwa. Ni sawa na kulinganisha gunia la dagaa wakavu na ndoo ya samaki wabichi, kisha kusema kwamba dagaa ni samaki wa ajabu.

Tena, ni nani anayekula gramu 100 za unga wa mlonge kwa siku? Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 8 hivi. Kijiko hicho kitampa mlaji kalsiamu ya miligramu 160. Bilauri moja ya maziwa ya robo lita ina kiasi cha miligramu 300. Kwa hiyo mtu anahitaji karibu vijiko viwili vya unga ili afikie bilauri moja ya maziwa. Zile mara 17 zimekwenda wapi? Zilikuwa kwenye karatasi tu.

Vivyo hivyo husemwa kwamba mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa. Majedwali ya chakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba gramu 100 za majani mabichi ya mlonge zina miligramu 52 hivi za vitamini C, na gramu 100 za chungwa zina miligramu 53. Ni sawasawa. Na vitamini C hupungua sana majani yakikaushwa juani, kwa hiyo anayenunua unga hapati hata hiyo iliyomo katika jani bichi.

Majedwali hayohayo yana habari nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Mchicha mbichi una kalsiamu miligramu 215 katika gramu 100, na mlonge mbichi una miligramu 185. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wa mchicha ni maji. Ukiukausha na kuusaga, nao utapata tarakimu za kutisha kama zile za kipeperushi. Ni kweli kwamba mchicha una asidi inayozuia sehemu ya kalsiamu hiyo isitumike mwilini, na mtaalamu mwaminifu atawaambia hivyo. Lakini mchicha tunauchuma nyuma ya nyumba, na hakuna anayetutaka tulipie mbegu yake kwa mkopo wa chama.

Na habari ya ugonjwa je? Utafiti kuhusu mlonge na sukari ya damu umefanyika, lakini haujafikia kiwango cha kumruhusu mtu aache dawa zake. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mzaha. Katika ukaguzi wangu nimekutana na mwanachama aliyeacha vidonge vya kisukari kwa ajili ya unga wa majani. Kidonda kidogo cha kidole kilimgharimu mguu. Siwezi kusema kwamba unga ule ulimdhuru. Kilichomdhuru ni kuacha dawa. Lakini unga ule aliununua katika duka la chama chake mwenyewe, na kipeperushi kilichomshawishi kilikuwa kimebandikwa ukutani, juu ya mizani aliyoiamini kwa miaka mingi. Naomba kila katibu aliyemo humu aende nayo nyumbani habari hiyo.

BEI HAIFUATI VITAMINI

Ndugu Wanachama, tuseme sasa kwamba sifa zote za lishe ni za kweli. Je, mkulima atapata fedha? Tuangalie mifano miwili.

Wa kwanza uko mbali, katika milima ya Andes, nchi za Bolivia na Peru. Wakulima wa huko wamelima nafaka iitwayo kinoa kwa maelfu ya miaka. Ni nafaka bora, yenye protini nzuri. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kinoa, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani wakaigombea. Bei ikapanda. Kilichofuata mnaweza kukikisia. Nchini Peru kilimo kikashuka kutoka milimani hadi mabonde ya pwani, na kati ya mwaka 2012 na 2014 mavuno ya nchi hiyo yakaongezeka zaidi ya mara mbili. Nchi nyingine nazo zikaanza kuipanda. Ilipofika mwaka 2016, bei ilikuwa imeanguka vibaya, na mkulima mdogo wa mlimani, aliyeilinda mbegu ile tangu enzi za mababu, ndiye aliyeumia. Angalieni jambo hili: kinoa ya mwaka 2016 ilikuwa na protini ileile ya mwaka 2013. Lishe haikupungua hata chembe. Bei ndiyo iliyoanguka.

Mfano wa pili uko jirani. Mwaka 2013 ndugu zetu wa Kenya walipatwa na homa ya kware. Ilisemwa kwamba mayai ya kware yanatibu kisukari, shinikizo la damu na maradhi mengine mengi. Yai dogo la kware likauzwa kwa bei mara kadhaa ya yai la kuku. Watu wakaomba leseni za kufuga, wakakopa, wakajenga mabanda. Kabla ya mwaka 2014 kwisha soko lilikuwa limeporomoka, na wengi wakabaki na ndege wasio na mnunuzi.

Kwa nini? Sababu moja ni kwamba wanunuzi wengi wa mayai na vifaranga walikuwa wafugaji wapya waliotaka kuanza. Biashara iliendelea maadamu kila siku alipatikana mtu mpya wa kuingia. Walipokwisha wa kuingia, walaji hawakutosha. Na sifa zenyewe? Yai la kware lina uzito wa gramu 10 hivi, kwa hiyo matano ni sawa na yai moja la kuku. Protini, gramu kwa gramu, ni karibu sawa. Kolesteroli, ambayo wengine walidai haimo, imo, tena gramu kwa gramu inazidi ya yai la kuku zaidi ya mara mbili.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nitaongeza neno moja la kikaguzi: mtu akikutembezea kitu, tazama fedha inaingia mfukoni mwa nani kwanza.

Katika chama kimoja ambacho sitakitaja, bodi ilikuwa karibu kutia sahihi mkataba wa mlonge. Mkataba ulikuwa na kurasa tatu. Bei ya mbegu iliandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na tarehe ya malipo. Lakini bei ya kununulia majani iliandikwa kwamba itakubaliwa baadaye kulingana na hali ya soko, na kampuni itanunua kwa kadiri ya mahitaji yake. Katibu wa chama kile, mama mmoja mwangalifu, aliusoma mkataba mbele ya mkutano mkuu, kifungu kwa kifungu. Alipofika hapo mzee mmoja akasimama, akauliza swali moja tu: “Kumbe wateja ni sisi?” Mkutano ukaliahirisha jambo hilo, na fedha zikatumika kununua mizani mpya na maturubai. Mizani ile ipo hadi leo, nimeikagua mwenyewe.

MANENO YANAMFUNGA ASEMAYE

Kuna hatari nyingine, ya kisheria. Chama kinachouza bidhaa kinabeba maneno yaliyoandikwa juu ya bidhaa hiyo.

Nchini Marekani iko kampuni ya maji ya komamanga iitwayo POM Wonderful. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba imetumia zaidi ya dola milioni 30 katika utafiti, na matangazo yake yakaashiria kwamba maji yale yanazuia au kutibu maradhi ya moyo na saratani ya tezi dume. Mwaka 2010 tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara iliifungulia mashitaka. Mwaka 2013 tume iliamua kwamba matangazo mengi yalipotosha, kwa kuwa utafiti uliotajwa haukutosha kuyathibitisha, na mwaka 2015 mahakama ya rufani ilikubaliana nayo. Hakuna aliyesema komamanga ni tunda baya. Yaliyoshitakiwa ni maneno.

Ikiwa kampuni yenye mamilioni ya dola ilishindwa kuyathibitisha maneno yake, chama cha msingi kitayathibitisha kwa nini? Hapa kwetu, tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Dawa za asili zina chombo chake, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Anayeuza chakula na auze chakula, na anayetaka kuuza dawa apite mlango wa dawa. Kusimama katikati, kuuza unga kwa jina la chakula huku ukinong'ona kwamba ni dawa, ni kukiweka chama pabaya.

Wapo pia wanaotumia vibali kama ushahidi wa tiba. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uingie katika soko lake, na mwaka 2009 mamlaka ya chakula ya Marekani nayo haikuweka pingamizi. Hiyo ni habari njema kwa watu wa Dodoma na kwingineko kwenye mibuyu. Lakini ruhusa ile ilisema tu kwamba unga huo unaweza kuliwa kwa usalama. Haikusema kwamba unaponya chochote.

UKWELI UNAVYOJITAMBULISHA

Msiniambie kwamba Mkaguzi amekuja kuvunja mioyo. Vipo vyakula ambavyo sifa zake zimepimwa na kuthibitika, na ni vizuri tujue sifa ya kweli ina sura gani.

Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, tunavyoviita viazi lishe, ni mfano mzuri. Wataalamu walivipeleka katika vijiji vya Msumbiji, wakalinganisha watoto wa vijiji vilivyovipata na wa vijiji visivyovipata, wakapima damu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba watoto waliovila waliongeza vitamini A mwilini. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa watu wanne, na watatu kati yao, Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga wa Uganda, waliipata kwa kazi ya viazi hivyo.

Angalieni namna sifa hiyo inavyosemwa. Inataja kirutubisho kimoja, vitamini A. Inataja kiasi: gramu 125 za kiazi hicho zinatosha mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Inataja nani anafaidika na nani alipima. Haisemi kwamba kiazi kinatibu saratani. Sifa ya kweli ina mipaka, na mwenye kuisema hukuonyesha mipaka hiyo bila kuulizwa.

Ulezi nao ni hivyo hivyo. Una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, mara nyingi kuliko mahindi. Mama zetu waliwapa watoto uji wake bila kipeperushi.

MASWALI MATANO

Kwa hiyo nashauri kwamba kabla chama hakijatoa hata shilingi moja kwa zao la namna hii, bodi iulize maswali matano, na majibu yaandikwe katika muhtasari.

Kwanza, sifa inayotajwa inahusu kirutubisho gani, kwa kiasi gani, na katika kiasi ambacho mtu anakula kweli kwa siku? Swali hili lipelekwe kwa Afisa Lishe wa wilaya au Taasisi ya Chakula na Lishe. Wako kwa kazi hiyo, na taasisi hiyo ipo tangu mwaka 1973.

Pili, mlaji wa mwisho ni nani? Tukiwaondoa wanaonunua ili nao wapande au wafuge, anabaki nani?

Tatu, mkataba unataja bei, kiasi na tarehe ya kununua mazao yetu kwa uwazi uleule unaotaja bei ya mbegu?

Nne, fedha zinatoka wapi? Kama ni mkopo, je, umo ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuridhiwa na Mrajis? Na ardhi itakayotumika inaondoa zao gani la chakula?

Tano, kila neno lililo juu ya pakiti na ukutani mwa duka letu, je, chama kiko tayari kulitetea mbele ya sheria? Kama hakiko tayari, karatasi hiyo ibanduliwe leo.

Majibu yakiridhisha, basi chama kianze kidogo. Wanachama wapande mlonge mipakani mwa mashamba, wasing'oe mtama. Majani yakaushwe kivulini, mahali safi, yafungwe vizuri, na pakiti iandikwe yaliyomo kwa kweli. Chakula safi, chenye uzito kamili na maandishi ya kweli, kina wateja wake, nao hurudi.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Wahenga wametuachia usia kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni mtama, choroko, ulezi, mchicha, na fedha kidogo ambazo wanachama wamezikusanya senti kwa senti. Msala mzuri ukipita, tuuguse, tuupime, tuulize bei yake. Lakini mbacha usitoke chini ya miguu yetu kabla hatujapata majibu.